Kilele cha Coppi: Jinsi Italia Inavyowaenzi Mabingwa Wake wa Baiskeli

Nchini Italia jina la bingwa wa mbio za baiskeli huweza kuhama kila mwaka kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Giro d'Italia, yaani Mzunguko wa Italia, ni mashindano ya wiki tatu yaliyogawanywa katika hatua, kila hatua ikiwa ni safari ya siku moja ambayo mara nyingi huanzia mji mmoja na kuishia mwingine. Waandaaji wake wana desturi, iliyoanza mwaka 1965, ya kukipa kilele kirefu kuliko vyote katika njia ya mwaka husika jina la Cima Coppi, yaani Kilele cha Coppi, kwa kumkumbuka Fausto Coppi aliyefariki mwaka 1960. Anayetangulia kufika kileleni hapo huongezewa pointi katika shindano la wapanda milima, ambalo huendeshwa ndani ya mashindano makubwa na lina jezi yake.

Njia ikipita Stelvio, barabara ya Milima ya Alpi inayofikia mita 2,758 kutoka usawa wa bahari, jina la Coppi hupelekwa huko, na kwa haki kabisa. Giro ilipoipanda barabara hiyo kwa mara ya kwanza, tarehe 1 Juni 1953, Coppi alimwacha nyuma Mswisi Hugo Koblet aliyekuwa akiongoza, akamnyang'anya uongozi na kushinda mashindano hayo kwa mara ya tano. Miaka mingine hali ya hewa huamua vingine. Mwaka 2013 theluji ililazimisha kufutwa kwa hatua nzima iliyopaswa kupita Gavia na Stelvio, jina likahamia Tre Cime di Lavaredo, ambako Vincenzo Nibali, mzaliwa wa Messina kisiwani Sicilia, alishinda siku iliyofuata huku theluji ikimwangukia mabegani. Heshima ya namna hii ina uzito ambao sanamu ya shaba haina, kwa sababu haikamiliki mpaka atokee mtu mwingine wa kuupanda mlima ule kwa nguvu za miguu yake.

Ili kuelewa kwa nini Waitaliano wamewapa waendesha baiskeli nafasi kubwa kiasi hicho, ni lazima kurudi mwanzoni mwa karne ya 20, wakati baiskeli ilipokuwa chombo cha kwanza ambacho mtu wa kipato kidogo angeweza kukimiliki na kukitumia kwenda kazini. Giro ilianzishwa mwaka 1909 na gazeti la michezo la La Gazzetta dello Sport la mjini Milano, lililotaka kuuza nakala nyingi zaidi, na kwa kuwa gazeti hilo huchapishwa kwenye karatasi ya rangi ya waridi, tangu mwaka 1931 anayeongoza mashindano amekuwa akivaa jezi ya rangi hiyo. Mshindi wa kwanza, Luigi Ganna, alikuwa fundi mwashi. Ottavio Bottecchia, Mwitaliano wa kwanza kushinda mashindano ya Ufaransa ya Tour de France, mwaka 1924 na tena mwaka 1925, naye alikuwa amefanya kazi ya uashi kabla ya kuishi kwa baiskeli. Barabara zilikuwa za vumbi wakati wa kiangazi na za matope wakati wa mvua, na watu waliosimama kandokando kuwatazama waliona wenzao, watoto wa wakulima na vibarua, wakipata umaarufu kwa kazi ambayo ugumu wake kila mtazamaji aliuelewa.

Katika mazingira hayo lilizaliwa neno campionissimo, ambalo Waitaliano hulitumia kwa bingwa aliyewazidi mabingwa wenzake, na ambalo halitolewi ovyo. Wa kwanza kuitwa hivyo alikuwa Costante Girardengo wa Novi Ligure, aliyeshinda hatua 7 kati ya 10 za Giro ya mwaka 1919 na aliyeshinda mara sita mbio za siku moja kutoka Milano hadi San Remo. Mji wake leo una jumba la makumbusho la mabingwa wa aina yake. Alfredo Binda alimfuata, naye alikuwa hodari kiasi cha kuwatia hasara waandaaji: baada ya kushinda Giro mara nne ndani ya miaka mitano, mwaka 1930 alilipwa lira 22,500 ili asishiriki, kwa kuhofiwa kwamba watu wangeacha kununua gazeti lenye habari ambayo mwisho wake wanaujua. Alirudi baadaye na kushinda mara ya tano mwaka 1933.

Hata hivyo, kiini cha kumbukumbu ya Waitaliano ni watu wawili walioshindana kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili, Gino Bartali na Fausto Coppi. Bartali alizaliwa mwaka 1914 Ponte a Ema, karibu na Florence, akawa Mkatoliki wa kusali bila kujificha, na alikuwa na mwili mgumu uliostahimili baridi na mvua. Coppi, aliyezaliwa mwaka 1919 katika kijiji cha Castellania mkoani Piemonte, alianza kama kijana wa kupeleka bidhaa za duka la nyama huko Novi Ligure, akaokotwa na kufunzwa na mkandaji kipofu, Biagio Cavanna, ambaye husemwa aliusoma mwili wa mwanariadha kwa vidole. Coppi alishinda Giro mwaka 1940 akiwa na umri wa miaka 20, kisha vita vikamkatiza. Alitekwa nchini Tunisia mwaka 1943 akiwa askari wa kawaida, akakaa katika kambi ya mateka. Italia iliyotoka vitani, maskini na iliyogawanyika kati ya chama cha Kikristo na vyama vya mrengo wa kushoto, iliwagawa na mabingwa hawa, Bartali akawa alama ya wanaoshika mapokeo na Coppi alama ya wanaotaka mambo mapya, ingawa mgawanyo huo ulikuwa wa mashabiki kuliko wa wanariadha wenyewe.

Mwezi Julai 1948 mgawanyiko wa kisiasa ulikaribia kulipuka. Tarehe 14 kiongozi wa chama cha kikomunisti, Palmiro Togliatti, alipigwa risasi mjini Roma, wafanyakazi wakagoma, na mitaa ya miji mikubwa ikajaa hasira. Siku hiyo Bartali, aliyekuwa anakaribia kutimiza miaka 34, alikuwa Cannes, Ufaransa, katika siku ya mapumziko ya Tour de France, akiwa nyuma ya Mfaransa Louison Bobet kwa zaidi ya dakika 20. Waziri Mkuu Alcide De Gasperi alimpigia simu. Kesho yake Bartali alishinda hatua ya milimani hadi Briançon, akashinda na ya siku iliyofuata na kuivaa jezi ya njano ya anayeongoza, akashinda tena ya tatu, na hatimaye akashinda Tour nzima, miaka 10 baada ya kuishinda kwa mara ya kwanza mwaka 1938. Hakuna mwingine ambaye ametenganisha ushindi wake wawili wa Tour kwa muda mrefu kiasi hicho. Imani ya kwamba ushindi huo uliiokoa Italia na vita vya wenyewe kwa wenyewe imetiwa chumvi, kwani Togliatti mwenyewe alipona na chama chake hakikutaka mapinduzi. Lakini kwamba taifa lililokuwa linagombana lilipata jambo moja la kulifurahia kwa pamoja, hilo halina shaka.

Inafaa kutazama kwa karibu kazi aliyoifanya, maana heshima isiyojua jasho lilitoka wapi ni maneno matupu. Baiskeli za wakati ule zilikuwa za chuma, na gia ambayo Bartali aliitumia, iliyotengenezwa na kampuni ya Campagnolo, haikuwa ya kubonyezwa kwa kidole kama ilivyo sasa. Ili kubadilisha gia, mwendeshaji alipeleka mkono nyuma, chini ya tandiko, akalegeza gurudumu la nyuma kwa wenzo mmoja, akakanyaga pedali kinyumenyume huku akiuhamisha mnyororo kwa wenzo wa pili, kisha akakaza gurudumu tena, yote hayo baiskeli ikiwa mwendoni kwenye barabara ya changarawe. Aliyekosea alisimama, na aliyesimama kwenye mwinuko aliachwa.

Coppi alijibu mwaka uliofuata. Tarehe 10 Juni 1949 Giro ilikuwa na hatua ya kilomita 254 kutoka Cuneo hadi Pinerolo, yenye vipito vitano vya milima, yaani sehemu ambazo barabara hupanda hadi juu ya safu ya milima na kushukia upande wa pili: Maddalena, Vars, Izoard, Monginevro na Sestriere. Coppi alitoka kundini kwenye kipito cha kwanza na kuendesha peke yake kilomita 192. Alifika baada ya zaidi ya saa tisa juu ya tandiko, na Bartali, aliyekuwa wa pili, akafika dakika 11 na sekunde 52 baadaye. Mwaka huo huo Coppi alishinda pia Tour de France, na kabla yake hakuna aliyewahi kushinda Giro na Tour katika mwaka mmoja. Wapo wanaohesabu ushindi mwingi zaidi wa wanariadha wa baadaye, lakini Waitaliano wengi bado huiona siku ya Pinerolo kuwa kipimo cha kile ambacho mtu mmoja anaweza kukifanya kwa baiskeli, na ni vigumu kuwapinga.

Kifo cha Coppi kina uchungu wa pekee kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Desemba 1959 alikwenda Upper Volta, nchi ambayo leo inaitwa Burkina Faso, pamoja na wanariadha wenzake wa Ufaransa, kwa ajili ya mbio za maonyesho na uwindaji. Yeye na Mfaransa Raphaël Géminiani walirudi Ulaya wakiwa na vimelea vya malaria. Damu ya Géminiani ilipimwa, ugonjwa ukatambuliwa, akapewa kwinini na kupona. Madaktari waliomhudumia Coppi walidhani ni ugonjwa mwingine, naye akafariki Tortona tarehe 2 Januari 1960, akiwa na miaka 40. Kipimo ambacho zahanati ya kijijini huanza nacho kwa kila mgonjwa mwenye homa ndicho kilichokosekana kwa mtu mashuhuri kuliko wote katika Italia ya wakati wake. Mwaka 2019, alipotimiza miaka 100 tangu kuzaliwa, kijiji chake kilibadilishwa jina rasmi na kuwa Castellania Coppi.

Bartali aliishi hadi mwaka 2000, na heshima yake kubwa zaidi ilikuja baada ya kifo chake na haikuhusu mashindano. Baada ya majeshi ya Ujerumani kuikalia Italia mwezi Septemba 1943, Wayahudi waliwindwa ili wapelekwe kwenye kambi za mauaji, na Kardinali Elia Dalla Costa wa Florence akawa miongoni mwa viongozi wa kanisa waliosaidia kuwaficha. Kwa mujibu wa ushuhuda uliokusanywa miaka mingi baadaye, Bartali alibeba hati za bandia zilizofichwa ndani ya bomba la fremu ya baiskeli yake, akaendesha kati ya Florence na Assisi kana kwamba yuko mazoezini, na askari waliomtambua walimwacha apite. Alikuwa amehifadhi pia familia ya Kiyahudi mjini Florence. Katika uhai wake hakupenda kuyazungumzia hayo hadharani. Mwaka 2013 taasisi ya Yad Vashem ya Jerusalem ilimtangaza kuwa Mwenye Haki Miongoni mwa Mataifa, cheo wanachopewa watu wasio Wayahudi waliohatarisha maisha ili kuwaokoa Wayahudi. Baadhi ya wanahistoria wa Italia wamehoji nguvu ya ushahidi wa safari za kubeba hati, na mjadala huo haupaswi kuonekana kama utovu wa adabu. Heshima inayokubali kuchunguzwa hudumu kuliko ile inayolindwa na hofu ya kuuliza.

Mahali ambapo kumbukumbu hizi zote hukutana ni juu ya Ziwa Como, katika mji mdogo wa Magreglio, kwenye kanisa dogo la Madonna del Ghisallo lililoko mita 754 kutoka usawa wa bahari. Mwaka 1949 Papa Pius XII alimtangaza Mama Maria wa Ghisallo kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli, yaani mtakatifu wa kuwaombea, na tangu hapo wanariadha wamekuwa wakipeleka huko walichonacho. Ndani ya kanisa kuta zimefunikwa kwa jezi, baiskeli zimetundikwa juu, na nje zimesimama sanamu za Binda, Bartali na Coppi. Kati ya vyote hivyo, kinachomfanya mgeni anyamaze ni baiskeli ya Fabio Casartelli, iliyopindika fremu. Casartelli alizaliwa jirani, mkoani Como, akashinda medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Barcelona mwaka 1992, na akafa tarehe 18 Julai 1995 alipoanguka kwenye mteremko wa Portet d'Aspet wakati wa Tour de France. Kanisa halikutenganisha baiskeli za ushindi na baiskeli ya msiba, na uamuzi huo ni wa hekima, kwani kazi ya hawa watu ilikuwa hivyo hivyo, ushindi na kifo katika barabara moja.

Karibu na kanisa kuna jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2006 kwa juhudi za Fiorenzo Magni, mshindi wa Giro mara tatu, ambaye mwaka 1956 alivunjika mtulinga katikati ya mashindano, akafunga kipande cha mpira wa ndani wa tairi kwenye usukani na kukivuta kwa meno kwenye miinuko, kwa kuwa mkono wake haukuweza kuvuta, na akamaliza wa pili. Kila mwaka mbio za Lombardia zinapopanda Ghisallo, kengele za kanisa hupigwa waendeshaji wakipita.

Swali gumu kuliko yote limeletwa na Marco Pantani. Kijana huyo wa Cesenatico, pwani ya Adria, aliwafurahisha watu kwa namna alivyoshambulia milimani, na mwaka 1998 alishinda Giro na Tour katika mwaka mmoja, jambo ambalo halikurudiwa mpaka Mslovenia Tadej Pogačar alipolifanya mwaka 2024. Kwenye mwinuko wa Oropa mwaka 1999 mnyororo wake ulikwama, akabaki nyuma, kisha akawapita wenzake 49 na kushinda. Siku chache baadaye, tarehe 5 Juni, huko Madonna di Campiglio, kipimo cha damu yake kilionyesha hematokriti, yaani sehemu ya damu inayochukuliwa na chembe nyekundu, ya asilimia 52, ilhali mwisho ulioruhusiwa ni 50. Akaondolewa mashindanoni akiwa anaongoza. Chembe nyekundu hubeba oksijeni, na kuongezeka kwake kupita kiasi kulichukuliwa kuwa dalili ya kutumia EPO, dawa inayouchochea mwili kuzitengeneza. Hakurudi tena kuwa yule wa zamani, na tarehe 14 Februari 2004 alikutwa amekufa katika hoteli mjini Rimini kwa sababu ya kokeini. Mwaka 2013 ripoti ya Seneti ya Ufaransa ilimtaja miongoni mwa wale ambao sampuli zao za Tour ya mwaka 1998 zilikuwa na EPO.

Hata hivyo, tangu mwaka 2004 Giro imekuwa ikichagua kila mwaka mwinuko mmoja na kuupa jina la Mlima wa Pantani. Wapo wanaoliona hilo kuwa kuwatukana waliokataa dawa, na hoja yao ina uzito. Wengine husema kwamba kizazi kizima kilitumia dawa hizo huku viongozi wa mchezo wakifumba macho, na kwamba aliyeanguka mbele ya watu wote hakuwa mkosaji peke yake. Jibu la haki ni kuliacha jina mlimani na kuisimulia habari yote kila linapotajwa, Oropa pamoja na Madonna di Campiglio, kwa vile kulifuta jina kungewafutia lawama pia wale waliofaidika na kipaji chake kisha wakamwacha.

Kuna waliosubiri heshima muda mrefu zaidi. Alfonsina Strada, aliyezaliwa mwaka 1891 katika familia maskini ya Castelfranco Emilia, ndiye mwanamke pekee aliyewahi kushiriki Giro ya wanaume. Mwaka 1924 timu kubwa ziligoma kwa sababu ya fedha, waandaaji wakaruhusu watu kujiandikisha mmoja mmoja, naye akaingia. Katika hatua ya kwenda Perugia usukani wake ulivunjika, akauunga kwa mpini wa ufagio, akafika akiwa amepitisha muda unaoruhusiwa. Aliondolewa katika hesabu ya ushindani, lakini aliruhusiwa kuendelea, na akafika Milano baada ya njia ya kilomita 3,613 ambayo kati ya watu 90 walioianza ni 30 tu walioimaliza rasmi. Giro ya wanawake ilianza mwaka 1988. Majina ya washindi wake, kama Fabiana Luperini aliyeishinda mara tano, hayajapata hata nusu ya milima waliyopewa wanaume, na katika hilo Italia bado ina deni.

Lipo pia deni la nje ya mipaka. Italia ilipoitawala Eritrea iliupeleka mchezo huu Asmara, lakini Waeritrea wenyewe waliwekwa kando katika mashindano ya wakoloni. Wakaujifunza hivyo hivyo na kuufanya mchezo wao wa taifa. Tarehe 17 Mei 2022 hatua ya Giro iliyomalizikia Jesi ilipitishwa kwa makusudi Filottrano, mji wa Michele Scarponi, aliyegongwa na gari na kufa mwaka 2017 akiwa mazoezini barabarani, na ambaye jina lake sasa linabebwa na mfuko unaotetea usalama wa waendesha baiskeli. Aliyeshinda siku hiyo alikuwa Biniam Girmay wa Asmara, akimshinda Mholanzi Mathieu van der Poel mbele ya mstari, na hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda hatua ya mashindano makubwa ya wiki tatu kabla yake. Jukwaani kizibo cha chupa ya mvinyo kiliruka na kumpiga jichoni, akalazimika kujitoa. Miaka miwili baadaye alishinda hatua tatu za Tour de France na kuivaa mpaka mwisho jezi ya kijani, ambayo hupewa mwenye pointi nyingi zaidi za kumaliza hatua. Giro ikimtafutia Girmay mahali pa kuliweka jina lake katika barabara zake, Jesi panafaa.